Gia ya Kufika, Si Gia ya Kurudi

(Hotuba iliyosomwa Mbamba Bay mbele ya madereva, makonda, mafundi na wenye magari.)



Kwanza naomba radhi. Mimi nilisomea ualimu, sikusomea ufundi. Chuoni nilifundishwa kushika chaki, wala sikupata kulala chini ya gari mpaka nilipoanza kazi hii ya kuzunguka matawini. Kazi hii haina gari lake. Mtu atokaye Mbinga kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi hupanda alichokikuta, na mwenye kupanda alichokikuta atajifunza ufundi apende asipende. Basi elimu niliyo nayo ni ya abiria aliyeshuka mara nyingi kusukuma.

Nina neno moja tu, na nitalisema sasa hivi ili atakayesinzia asilikose. Kufunga gari kwa waya ili lifike nyumbani si aibu; ni akili. Lakini kulifunga kwa waya, kuliacha hivyo, na kumkabidhi mwenzako bila kumwambia, ni kumtwisha deni asilolijua. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Barabarani methali hiyo si mfano, ni habari yenyewe.

SIKU TULIYOPANDA MLIMA

Ilikuwa wakati wa masika. Tuliondoka hapa Mbamba Bay alfajiri katika gari dogo la abiria. Nyuma walikuwamo akina mama watano na mabeseni yao ya usipa wabichi waliovuliwa usiku ule. Kila anayekaa kando ya ziwa hili anajua habari za usipa mbichi: asubuhi ni fedha, adhuhuri ni harufu. Ziwa letu liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga yapita mita 1,300. Maana yake ni kwamba katika kilometa 66 za barabara ile gari hupanda zaidi ya mita 800 kwenda juu, na halipandi kwa mstari ulionyooka, bali kwa kona juu ya kona.

Katikati ya mlima dereva akataka kuingiza gia ya pili. Mkono wa gia ukaenda huku na huku kama mwiko ndani ya uji. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Konda akaruka na jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu. Siku ile niliijua thamani ya konda.

Alikuwamo mzee mmoja, abiria kama sisi, fundi wa miaka mingi. Akavua koti lake akanipa nilishike. Hakuomba spana. Alimwambia dereva azime injini na avute breki ya mkono, akatuambia sisi tuongeze mawe. Ndipo alipojilaza chini, akasema, “Haya, kijana, tikisa mkono wa gia. Mbele. Nyuma. Kushoto. Kulia.” Naye akawa anatazama tu, hagusi kitu.

Baadaye nilimwuliza alikuwa akitazama nini. Akanijibu, “Mwalimu, mkono wa gia ni tarishi. Barua ikipotea, usianze kumlaumu aliyeiandika wala aliyeandikiwa. Mtazame kwanza tarishi.”

HABARI YA TARISHI

Nitawaelezeni kama alivyonieleza, kwa maana wengi wetu tunapanda magari tangu utoto na hatujui. Gia zenyewe zimo ndani ya giaboksi, katika mafuta. Dereva hazigusi kamwe. Yeye hushika mkono wa gia, na mkono ule wapeleka habari mbili tu: moja ya kushoto na kulia, yaani kuchagua safu ya gia, na moja ya mbele na nyuma, yaani kuingiza gia iliyochaguliwa.

Katika baadhi ya magari, kama Land Rover za zamani, giaboksi iko chini ya mkono wenyewe, na safari ya habari ni fupi. Lakini yako magari ambayo giaboksi iko mbali na mkono wa gia. Katika Volkswagen zile zenye injini nyuma, chuma kirefu kilipita tumboni mwa gari mpaka kwenye giaboksi. Katika Peugeot 404 mkono wa gia ulikuwa kwenye usukani, na vyuma vyake vilishuka na kupinda mpaka chini. Katika malori ambayo dereva hukaa juu ya injini, na katika magari mengi madogo ya siku hizi, kazi hiyo hufanywa na vyuma vyenye viungo au na kebo mbili, moja kwa kila habari.

Penye kiungo pana bushi. Bushi ni kipete kidogo cha plastiki au mpira, kitu cha kutia mfukoni. Kazi yake ni kuzuia chuma kisicheze juu ya chuma. Vumbi likiingia, joto likizidi, na miaka ikipita, kipete hicho huliwa. Kwanza mkono wa gia huanza kucheza. Kisha gia moja huwa ngumu kupatikana. Mwisho kiungo huchomoka, na tarishi hubaki njiani na barua yake.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Bushi ilikuwa imekwisha kuwa unga. Mzee akamwomba konda ndala yake moja, akakata kipande kwa kisu, akakitoboa, akakisukuma mahali pa bushi, akakizungushia waya mara tatu na kuusokota. Kazi haikupita nusu saa. Konda akapanda na ndala moja, dereva akapata gia ya pili, nasi tukafika Mbinga usipa wakiwa bado ni fedha.

Tuliposhuka, mzee alichukua koti lake mkononi mwangu, akatutazama mimi na dereva, akasema maneno ambayo nawaomba myashike: “Sikieni. Nimewapeni gia ya kufika Mbinga. Sikuwapeni gia ya kurudi.”

SENTENSI NILIYOIACHA

Ndugu zangu, sasa nasema kosa langu mbele yenu. Habari ile niliipenda sana. Katika mikutano niliisimulia kuwa mfano wa watu kujitegemea: mzee, kisu na ndala, na akina mama wameuza mali yao. Watu walipiga makofi. Lakini sentensi ya mwisho ya mzee niliiacha, kwa sababu nilipoisema mara ya kwanza haikupigiwa makofi.

Baada ya majuma machache nilikuwa Mbinga, narudi ziwani. Nikapanda gari, na kwa ufa wa kioo cha mbele nikalitambua kuwa ni lile lile. Dereva alikuwa mwingine na konda mwingine. Mkono wa gia ulikuwa ukitikisika. Mimi, kwa furaha yangu, nikamwambia jirani yangu kwa sauti, “Gari hili lina ndala tumboni!” Watu wakacheka. Dereva naye akacheka. Alidhani ni mzaha, na mimi sikumwambia kuwa si mzaha.

Tulianza kuteremka. Gari lilikuwa katika gia ya nne na breki zilikwisha kuanza kunuka. Mbele ya kona kali dereva akataka kushuka mpaka gia ya tatu. Ya nne ilitoka, ya tatu haikuingia. Mkono wa gia ukalegea kabisa. Gari likawa nyutro, injini haishiki kitu, na mlima unatuvuta. Dereva akapoteza muda mwingi akiitafuta gia ambayo haikuwako tena. Mwishoni, namshukuru mpaka leo, akageuza usukani upande wa ukingo wa mlima na si upande wa bonde. Tuligonga udongo. Konda alivunjika mguu. Sisi wengine tulitoka na michubuko.

Nilipotambaa nje nilitazama chini ya gari. Waya ulikuwapo, mzima kabisa. Ndala ndiyo iliyokuwa imekatwa vipande viwili. Waya haukukatika, waya ndio uliokata.

Niliketi kando ya barabara nikafikiri. Dereva wa kwanza aliambiwa na mzee. Akaacha kazi bila kumwambia wa pili. Mwenye gari, kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda na kuleta hesabu kila jioni, hakuuliza. Na mimi, mwalimu, niliyelisikia onyo kwa masikio yangu mawili, nililigeuza kuwa kichekesho. Katika watu wote waliogusa gari lile, aliyefanya kazi yake yote ni mzee peke yake: alifunga, na akasema.

LA KUFANYA NJIANI

Hapana atakayetuambia tusifunge waya. Mvua ikinyesha, giza likiingia, na gereji iko mbali, yatupasa kujisaidia. Wazee waliopo hapa watakumbuka miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, na ile iliyofuata, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea hazionekani. Mafundi wetu waliyafanya magari yaendelee kwa mpira, waya na moto wa kuchomelea. Ile ilikuwa elimu kubwa, na hatuidharau. Lakini elimu ile ilitokana na shida. Tusiifanye shida kuwa desturi. Siku hizi fundi hupiga picha ya bushi kwa simu, akaipeleka dukani Songea au Dar es Salaam, na mzigo ukaja kwa basi. Na bushi isiyopatikana dukani, mwenye mashine ya kukerezea aweza kuikereza kwa nailoni ngumu.

Basi anayelazimika kufunga njiani, na afunge hivi.

Kwanza, lizuie gari. Breki ya mkono, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu, injini imezimwa. Gari ambalo viungo vya gia vimechomoka usilitumainie kushikwa na gia.

Pili, tafuta ugonjwa uko wapi. Ikiwa gia zote zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa injini ikiwaka, mshuku kilachi, na waya wako hautasaidia. Ikiwa mkono wa gia watikiswa na kile kijimkono cha giaboksi hakisogei, tarishi ndiye mgonjwa. Ikiwa kijimkono chasogea mpaka mwisho na bado gia haishiki, huenda ugonjwa umo ndani ya giaboksi, usijidanganye. Tazama pia vishikio vya injini. Kishikio kikikatika, injini hucheza na kuvuta viungo vya gia kutoka mahali pake.

Tatu, kabla ya kufunga, weka mkono wa gia nyutro na giaboksi nyutro. Ukifunga huku mmoja uko nyutro na mwingine uko katika gia, utakuwa umefunga uongo.

Nne, chagua vitu vyema. Ndala ni laini mno. Kipande cha ubavu wa tairi ni bora zaidi, au mpira mgumu wa maji uliopasuliwa. Kama tundu laruhusu, bolti yenye nati na washa pande zote mbili ni bora kuliko waya. Ukitumia waya, weka washa kati yake na mpira ili usiukate, na uuepushe na bomba la moshi. Chuma kilichopata ufa kifungiwe chuma kingine ubavuni, kama mguu uliovunjika unavyofungiwa vijiti.

Tano, jaribu gia zote, na rivasi pia, gari likiwa limesimama, kisha polepole mahali tambarare. Usiufanye mteremko kuwa mahali pa majaribio.

Sita, ukiteremka, ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, na mkono wa gia usiuguse tena mpaka chini. Laiti tungefanya hivyo siku ile, ndala ingalikatika siku nyingine, mahali pengine. Na gia ikikupotea mteremkoni, usiitafute. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu kabla mwendo haujazidi, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, ushike upande wa mlima. Wala usizime injini, maana breki na usukani hupata nguvu kutoka kwake.

La saba ni la abiria. Kama kiungo hakifungiki, shusheni watu watembee. Miguu iliyochoka hupona kwa usiku mmoja.

KITAMBAA CHEKUNDU

Sasa nafikia lile lililonileta. Tangu konda yule avunjike mguu nimefikiri jinsi ya kufanya ili deni lionekane. Daftari huachwa nyumbani. Maneno husahauliwa, au hugeuzwa kichekesho kama nilivyofanya mimi. Nawaletea shauri dogo, ambalo gharama yake haifiki bei ya kikombe cha chai.

Kila gari linalofungwa kwa waya, mpira au ndala, aliyelifunga akate kitambaa chekundu akifunge kwenye mkono wa gia. Kisifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa fundi aliyetia bushi mpya. Dereva wa zamu nyingine akikaa kwenye kiti atakiona kabla ya kugusa funguo, naye atajua kwamba gari hili lina gia ya kufika na si gia ya kurudi. Mwenye gari akija kuchukua hesabu yake atakiona. Na ninyi mama zangu, mkipanda na mabeseni yenu mtakiona, na mtakuwa na haki ya kuuliza, “Dereva, deni hili litalipwa lini?”

Najua yatakayosemwa. Mwenye gari atasema kitambaa kitafukuza abiria. Namjibu: ndiyo, na ndiyo kazi yake. Kikikaa siku moja hakitafukuza mtu. Kikikaa mwezi, kitafukuza, na kwa haki. Dereva atasema, “Nikilalamika nitanyang'anywa gari, wapewe wengine.” Ndugu yangu, hilo ni kweli, na ndiyo sababu sikuja kuzungumza na dereva mmoja mmoja. Dereva mmoja akikataa kuendesha gari bovu, atafukuzwa. Madereva wote wa Mbinga na Nyasa wakikubaliana, mwenye gari atanunua bushi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko upande wenu. Hairuhusu gari bovu kuwa barabarani. Lakini sheria haipandi gari pamoja nasi kila asubuhi. Sisi ndio tunaopanda.

Fundi naye atasema, “Nikifunga kitambaa, watu watadhani kazi yangu ni mbovu.” Fundi, mkumbuke yule mzee. Kazi yake ya waya ilikuwa nzuri, akaisema kwa jina lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi anayesema “hii ni ya kufika tu” hajishushi. Huyo ndiye ninayemwamini nikimsikia akisema “hii sasa imepona”.

Mwisho, habari ya konda. Mguu wake umepona, ingawa hutembea akiegemea upande mmoja. Nilikwenda kumtazama nikamweleza yote, na mikutano yangu, na makofi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: “Kumbe ulijua?” Sikuwa na jibu, ndugu zangu, na mpaka leo sina. Kitambaa hiki nilichokishika mkononi nimekichana kutoka shati langu mwenyewe, na vipande vyake viko mezani pale mbele ya Mwenyekiti. Kila dereva na kila fundi, akitoka, achukue kimoja.